Nilivyomwanika Dada

Kwetu kusini mwanamke hasemewi na mumewe. Anasemewa na kaka yake. Akiposwa, kaka ndiye anakaa mkekani kuulizwa. Akipigwa, kaka ndiye anakwenda kuuliza kapigwa kwa nini. Akiugua, kaka ndiye anamweleza mganga anaumwa wapi, na yeye mwenyewe kakaa pembeni kainama, hata kama huyo kaka ni mdogo wake ambaye yeye ndiye alikuwa akimfuta kamasi.

Kaka huyo ni mie. Dada ananizidi miaka saba. Mama yetu alipokufa yeye ndiye aliyenilea, na tulipohamia Dar es Salaam yeye ndiye aliyeuza vitumbua ili mie nile. Shule sikwenda. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwenye magazeti ambayo Mhindi wa dukani alikuwa anafungia sukari. Nilikuwa naomba yale makaratasi, naanika, nasoma kila kitu, mpaka matangazo ya sabuni. Nilipoota ndevu nikawa msemaji wa dada. Na kusema najua. Watu wa Temeke wote watakwambia, yule kijana wa kiwanda cha mbao ana mdomo.

Dada aliolewa Kinondoni, kwa watu wa pwani, akapata mtoto mmoja wa kike. Mtoto alipofika miaka minne ndipo uso wa dada ukaharibika. Ulianza kama vipele vya joto puani. Vikatanda mashavu yote mawili, vikawa baka moja: kingo zake nyeusi tii, katikati pamepauka, na juu yake magamba yaliyong'ang'ania ngozi, ukijaribu kulibandua moja anaruka kwa maumivu. Likatoka lingine sikioni. Nywele za mbele zikaanza kubaki kwenye kitana. Asubuhi vidole vilikuwa vinamkaza, hawezi kukamua tui.

Mumewe akampeleka kwa dresa, yule mfunga vidonda wa dispensari ya karibu na kwao. Huyo dresa hata hakuinuka kwenye kiti. Alimtazama akiwa mlangoni, akasema ukoma, akamwambia asikalie benchi la wagonjwa. Akasema ataandika barua apelekwe kambi ya wakoma. Jioni ileile shemeji akamleta dada kwangu Temeke na sanduku lake. Mtoto hakumleta.

Nilikwenda Kinondoni siku ya pili kumdai mpwa wangu. Mama mkwe wa dada alikuwa barazani anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, na ungo wake mkononi.

"Mama, nimekuja kumchukua mtoto."

"Mtoto yupo kwa baba yake."

"Kwetu mtoto ni wa tumbo lililomzaa. Mie ndiye mjomba wake."

"Kwenu ni Newala, baba. Hapa ni Kinondoni." Akapuliza makapi. "Simnyimi mama yake. Nataka ugonjwa ujulikane jina. Ukija na jina, na jina hilo si la kuambukiza, mtoto mchukue. Mbele ya Mungu nimesema."

Nitasema kweli, yule mama hakuwa mbaya siku ile. Alikuwa anaogopa. Lakini mie nilirudi Temeke na hasira, njia nzima nasema peke yangu, na kuanzia hapo kazi ikawa moja: jina la ugonjwa. Bila jina hakuna mtoto.

Nikatafuta maneno ya kusoma. Nikapata kijitabu cha afya kwa mwalimu mmoja wa bara aliyekuwa jirani yetu, kimeandikwa Kiswahili, kinasema mtu mwenye ukoma ngozi yake hufa ganzi, ukimgusa kwenye baka hasikii. Nikamkalisha dada uani, nikamfunga macho kwa kanga, nikachukua unyoya wa kuku.

"Wapi?"

"Shavu la kulia."

"Wapi?"

"Pua. Usiuingize ndani."

"Wapi sasa?"

"Hapo hujanigusa. Unafikiri mie mjinga?"

Alikuwa amejua kweli. Nilikuwa nimeshika unyoya hewani. Tukacheka sana, na katika miezi yote ile ndiyo siku nakumbuka tulicheka. Kila nilipoupitisha alisikia, mpaka katikati ya baka. Nikaenda na unyoya wangu mpaka kwa yule dresa, nikamweleza. Akaniuliza nimekuwa daktari lini. Nikamwambia, siku ileile wewe ulipoacha kazi ya kufagia. Wagonjwa wakacheka, yeye akaniitia polisi. Nikatoka kabla hawajafika, na ile barua ya kambi akaiandika kesho yake, hilo nina hakika ni kwa sababu yangu.

Ilibidi tuwahi hospitali kubwa ya mjini kabla barua haijafanya kazi. Tulitoka alfajiri kwa miguu, tukapanga foleni mpaka saa nane mchana. Daktari alikuwa Mzungu, mzee, Kiswahili chake cha kuamrisha lakini kinaeleweka. Alimshika dada uso kwa mikono yake bila glavu, na kwa jambo hilo moja nilimpenda. Akamgusa kwa pamba, kama mie nilivyofanya kwa unyoya. Akamkata kidogo ncha ya sikio apime kama kuna vijidudu vya ukoma. Akamtoa damu. Halafu akaanza kuuliza, na kwa kuwa mie nilikuwa mbele na dada nyuma yangu kainama, aliniuliza mie.

"Ana homa?"

"Wakati mwingine, bwana."

"Viungo vinamuuma?"

"Vidole."

"Anakaa juani? Anafanya kazi juani?"

Hapa lazima nieleze. Kule Kinondoni walikuwa wameshaanza kusema kwamba dada tumempeleka shamba, kwamba kaka yake anamlimisha mihogo na ugonjwa wake. Maneno hayo yalikuwa yananichoma. Aliponiuliza yule Mzungu nikasikia maneno yaleyale, nikaona na huyu ananihukumu kwamba simtunzi dada yangu.

"Hapana, bwana," nikasema. "Dada yangu hakai juani hata kidogo. Yuko ndani. Kazi zote nafanya mie."

Daktari akaandika.

Na ukweli ni huu. Kila asubuhi, tangu siku aliyoletwa, nilikuwa namtoa uani jua likishaanza kuchoma. Ndiyo dawa yetu ya ngozi, tangu kwa bibi. Baka lolote, pele lolote, unalipaka mafuta ya nyonyo na unakaa juani mpaka likauke. Nilikuwa natandika jamvi upande wa mashariki, nampaka mwenyewe usoni kwa vidole vyangu, namgeuza geuza kama mtu anayeanika dagaa. Akisema linachoma, namwambia vumilia, linachoma kwa kuwa linafanya kazi. Kisha nakwenda zangu kiwandani, na nikirudi saa sita kula namkuta bado yupo, kwa kuwa nilimwambia asitoke mpaka nirudi. Na alikuwa hatoki.

Kuanikwa kwa dawa sikukuhesabu kuwa ni kukaa juani. Nilifikiri juu ya jembe tu.

Baada ya wiki mbili tukarudi kwa majibu. Sikio halikuonyesha ukoma, na ile barua ya dresa, iliyokuwa imeshafika hospitali, daktari akaipasua mbele yetu. Nilitaka kumbusu mkono. Kisha akaniita pembeni, akasema damu imeonyesha kaswende, na kwamba baka huenda limetokana na hiyo, apigwe sindano kila wiki.

Sikumwambia dada njiani. Nilimwambia nyumbani. Akaniuliza jambo moja tu.

"Na wewe unaamini?"

"Siamini."

"Basi tuchome sindano, yaishe."

Lakini haikuishia kwetu. Hospitali ikamwita shemeji naye apimwe, akapimwa, akaonekana msafi. Habari ikafika Kinondoni kabla ya sisi. Nilipokwenda kueleza nilimkuta mama mkwe barazani palepale, safari hii mlango wa nyumba umefungwa.

"Mwanangu ni msafi," akasema. "Huyo wako kaiokota wapi?"

"Hana kitu hicho, mama. Mashine imekosea."

"Mashine inakosea kwenu tu? Afadhali ungeniletea ukoma, baba. Ukoma unatoka kwa Mungu."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake anatazama miguu yake mwenyewe. Miaka mitano amekula kwa mkono wa dada. Nikamuuliza, na wewe unasemaje? Akasema, mie namfuata mama. Nikampiga kofi. Mbele ya mama yake, mbele ya majirani, mtoto akiwa dirishani anatazama mjomba wake anampiga baba yake. Talaka ililetwa Ijumaa ile, na wakanipiga marufuku kukanyaga uwanja wao. Nimesema mie ndiye niliyekuwa nakwenda kumdai mtoto. Kuanzia hapo hakuna aliyekwenda.

Sindano alichomwa zote. Matako yalivimba, uso haukubadilika. Kilichobadilika ni mie, nilizidisha jua. Nikaona kama sindano za Mzungu zimeshindwa, basi dawa ya bibi iongezwe. Nikamweka asubuhi na alasiri. Baka likavuka mashavu, likashuka kifuani kwenye shingo ya gauni, pale pote jua lilipofika, na pale nguo ilipofunika ngozi ilikuwa nzima kama ya mtoto. Nilikuwa naliona hilo kwa macho yangu, mie msomaji wa magazeti. Mstari wa gauni ulikuwa pale kifuani umechorwa kama kwa rula. Sikuusoma.

Miezi minane ikapita hivyo. Watu walikuwa wanaleta habari za mtoto kutoka Kinondoni, kwamba ameng'oka jino la mbele, kwamba baba yake ameoa tena, kwamba mke mpya anamsuka vizuri. Dada alikuwa anasikiliza na kuuliza maswali madogomadogo. Amesukwa mtindo gani. Anakohoa bado.

Siku tuliyorudi hospitali alikuwa na homa ya siku kumi na hawezi kufunga kanga yake mwenyewe. Pale kwenye foleni mtu mmoja akawasukuma wanawake apite mbele, nikamshika shati, tukatukanana, mlinzi akanitoa nje ya geti. Nikapiga kelele kwamba mie ndiye msemaji wa yule mgonjwa. Mlinzi akaniambia, "Akajisemee humo humo mwenyewe, ana mdomo."

Ndipo dada akaingia peke yake kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Safari hii daktari alikuwa Mwafrika, kijana wa bara, wale wasaidizi waliosomea Uganda. Alikaa naye muda mrefu. Kisha nesi akaja getini kuniita. Nikaingia nimejiandaa kugombana. Daktari alikuwa ameshika kadi ya dada.

"Wewe ndiye kaka yake?"

"Ndiye mie."

"Hapa imeandikwa, hakai juani. Nani alisema?"

Nilimtazama dada. Dada alitazama sakafu, kama kawaida yake.

"Mie nimemuuliza mwenyewe," daktari akasema. "Kanijibu kila siku asubuhi na alasiri, kwa amri ya kaka yake, na mafuta. Swali la dakika moja tu. Tungeujua ugonjwa mwaka jana."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana, maana kwa matusi nina majibu. Akamwambia dada, si mie, ugonjwa ule unaitwaje. Ni jina la Kizungu linalotokana na mnyama, mbwa mwitu, kwa vile unavyotafuna uso. Hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Si mdudu, si uchafu, si zinaa. Akasema mwili una nguvu zake za kupigana na maradhi, na kwa watu kama yeye nguvu hizo huigeukia ngozi yao wenyewe na viungo vyao, hivyo ndivyo wakubwa wanavyodhani, hakuna mwenye hakika. Jua ndilo linalouchochea. Na damu ya wagonjwa wa namna hii, ikipimwa kaswende, huweza kuonyesha ipo na kumbe haipo. Jambo hilo linajulikana, akasema, ila lazima kwanza mtu ashuku ugonjwa wenyewe.

Dada akauliza, "Unapona?"

"Hauponi. Unatulizwa."

Tulitembea mpaka karibu na Temeke, nikiwa nimemshikia kanga juu ya kichwa apate kivuli. Kisha nikamuuliza kwa nini siku ile ya kwanza hakusema, na alikuwa pale pale nyuma yangu, alisikia.

"Ungeaibika mbele ya Mzungu," akasema.

Dawa yenyewe ilikuwa vidonge vya manjano vya malaria, vilevile walivyomezeshwa askari wetu kwenye vita vya Burma. Nilibisha, nikasema dada hana malaria, lakini safari hii nilibisha kimoyomoyo. Baada ya wiki kadhaa ngozi yake ikageuka manjano. Jirani yetu mmoja aliyepigana Burma alikuwa akicheka kila akimwona. "Dada, unakwenda kupigana na Wajapani? Vita vimekwisha." Nikamnunulia mwavuli mweusi, asitoke bila huo hata kwenda bombani, na wanawake wa bombani wakawa wanamwita mke wa gavana, wanampisha na ndoo zake kwa heshima ya uongo. Mie nilitaka kupigana nao. Dada alisema waache, mke wa gavana hachoti maji, nao wanajua.

Homa ikaisha. Vidole vikalegea. Mabaka yakaacha kutambaa, magamba yakadondoka. Lakini pale yalipokaa miezi ile minane yaliacha makovu, mashavu yamedidimia na kupauka, nywele za mbele hazikuota tena. Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama tungekuja mapema. Akaniambia, ngozi ikishakuwa kovu hairudi. Hilo ndilo jibu alilonipa.

Akatuandikia barua yenye jina la ugonjwa na kwamba hauambukizi, kwa Kiswahili, nilimwomba hivyo. Siku ya kwenda Kinondoni nilivaa shati langu zuri. Dada akanizuia mlangoni.

"Utakuja. Lakini leo nasema mwenyewe."

"Mie ndiye kaka yako."

"Ndiyo. Na utakaa nje ya uwanja wao, kwa sababu walikupiga marufuku, na wana haki."

Nikakaa ng'ambo ya njia, chini ya ukuta wa mtu. Nilimwona dada anakunja mwavuli wake, anavua viatu, anapiga magoti kumwamkia yule mama. Sikusikia maneno. Walizungumza muda mrefu, na sauti haikupanda hata mara moja. Akaja shemeji akaisoma barua kwa sauti. Yule mama akanyoosha mkono akamgusa dada shavuni, pole pole, kama anayejaribu chungu kama kimepoa. Kisha akaingia ndani akatoka na mtoto na kifurushi cha nguo. Ahadi yake aliitimiza. Angeweza kuitimiza mwaka uliopita.

Mtoto alikubali kutembea na sisi kwa sababu aliupenda mwavuli. Aliushika yeye, mrefu kuliko alivyo, dada ameinama ili afunikwe. Alimwita mama pale tu alipoambiwa amwite.

Nyumbani dada alipika wali kwa nazi na samaki, akapakua katika sinia moja tukalizunguka watatu. Mtoto hakukaa. Alikwenda kwenye kabati akachukua bakuli dogo, akaleta, akanipa mie, si mama yake, akasema kwa adabu kabisa, "Mjomba, nipakulie changu pembeni. Bibi amesema nisile na mama mkono mmoja."

Niliinuka. Nilikuwa tayari kurudi Kinondoni kwa miguu, na barua, na mdomo wangu wote.

"Kaa chini," dada akasema.

"Umesikia anavyofundishwa?"

"Amefundishwa mwaka mzima. Kaa chini, mdogo wangu, wali unapoa."

Akalichukua lile bakuli mkononi mwangu, akalijaza, akachambua miiba ya samaki kwa kijiko badala ya vidole, mtoto akiwa anatazama kila kitu. Akamsogezea. Mtoto akalichukua, akakaa nalo karibu na mlango, akatugeuzia mgongo, akaanza kula.

Nikamwangalia dada. Alikuwa anamtazama yule mtoto anavyokula, na akaniambia taratibu kwamba anakula vizuri, wamemlea.

Nikakaa chini, nikala.